Benchi Lililogawana Lugha

Mpaka leo sijafanikiwa kujua ni nani aliyetoa wazo la kugawana. Nimemuuliza kila mtu wa kijiwe chetu kwa wakati wake, kwa upole, kabla ya kahawa na baada ya kahawa, na kila mmoja amenionyesha mwenzake. Hakimu anasema ni Spika. Spika anasema ni Mama Kahawa. Mama Kahawa anasema wazo la kipumbavu kiasi kile linaweza kutoka kwa mwanamume tu, lakini hamtaji. Nami nikijichunguza siwezi kuapa kwamba si mimi. Ninachoweza kukieleza ni mahali. Ni benchi la mbao nje ya saluni ya kunyolea, ukuta wa nyuma umebanduka rangi kwa migongo yetu, na mguu mmoja umewekewa kipande cha tairi ili lisiyumbe. Ndani anafanya kazi Makasi, kinyozi, ambaye hafungi mlango hata akiwa na mteja, kwa kuwa hajui kunyoa kichwa bila kusikiliza ubishi wa nje.

Hakimu hajawahi kuhukumu kesi yoyote. Zamani alikuwa mshika kibendera katika mechi za mtaani, na tangu wakati huo huamua kila jambo, hasa yale asiyoulizwa. Spika hutengeneza redio na simu kwenye kibanda cha jirani, na jina alilipata kwa sababu hata akinong'ona husikika mpaka kona ya pili. Mama Kahawa huja na birika lake na boksi la vikombe, hukaa mwisho wa benchi, na mtu asiyenunua hamfukuzi, ila humtazama.

Makasi ana binti mmoja, wa miaka tisa, kiziwi tangu kuzaliwa, anayesoma shule ya bweni ya viziwi. Kule mikono yake ilifunguka, akawa msemaji kuliko sisi sote. Mama yake aliifuata ile lugha ya alama kwa bidii, alikwenda kwenye masomo ya wazazi, akarudi nyumbani akawa daraja. Makasi alikuwa kazini. Mtoto akisema, Makasi alimtazama mkewe. Makasi akisema, mtoto alimtazama mama. Nyumba ilikwenda hivyo kwa miaka, wala hakuna aliyeona kwamba ina ufa.

Mwaka huo mama mkwe wake Makasi alianguka akavunjika nyonga, na mkewe akaenda kumuuguza, mahali ambapo ili kupata mtandao lazima upande kilima. Likizo ilikuwa imekaribia. Mtoto akamwambia mama yake, kabla mama hajaondoka, kwamba yeye angependa kubaki shuleni na matroni mpaka mama arudi. Mama akamfikishia mumewe habari hiyo bila kuongeza wala kupunguza.

Siku hiyo Makasi alimchonga mteja mstari wa paji la uso uliopinda kama njia ya ng'ombe. Mteja alipoondoka, alikuja kukaa nasi, jambo analolifanya kwa nadra.

— Mwanangu hataki kuja kwangu, alisema. Wala hajakosea. Atakuja kukaa na nani, na viti?

Mama Kahawa akammiminia kikombe bila kudai hela.

Matroni, ambaye ni mwanamke mwenye busara, alitafuta njia ya kati. Mtoto aje nyumbani kwa wiki moja. Wiki ikiisha atapiga simu ya video, amuulize mtoto mwenyewe, na kama atataka kurudi atakuja kumchukua. Makasi alikubali, akawa na wiki chache za kujiandaa.

Ndipo lilipoingia gemu. Mteja mmoja, kijana anayesomea ualimu, alimwekea kwenye simu mchezo uliotengenezwa na walimu wa viziwi wa hapa hapa nchini. Mkono unatokea kwenye kioo, unafanya alama, na chini yake zinatokea picha. Ukigusa picha iliyo sawa, mbuzi mdogo anaruka na unapewa nyota. Ukikosea, unapoteza roho moja. Una roho tatu tu, na zikiisha unasubiri mpaka zijirudie. Hatua zimepangwa kwa mada, hii ikimalizika ile inafunguka.

Tatizo ni kwamba mikono ya Makasi mchana kutwa ina mashine ya kunyolea. Simu ilikaa kwenye rafu, roho zake zimejaa, hazitumiki, na jambo hilo lilimuuma Spika kama bomba linalovuja. Akaomba aichukue "dakika moja tu". Ikahamia kwenye benchi.

Mwanzoni tuliijadili kuliko kuicheza. Mama Kahawa alishikilia kwamba lugha hiyo haina haja ya kufundishwa, kwani yeye watu humwonyesha vidole viwili naye huwapa vikombe viwili, na hajawahi kupata malalamiko. Hakimu alikwenda mbali zaidi.

— Binadamu wa kwanza hakuwa na ulimi, alisema. Aliumbiwa mikono. Ulimi uliletwa baadaye, watu walipotaka kugombana bila kuweka chini mizigo.

— Kisayansi, alisema Spika, kiziwi husikia kwa nyayo. Sauti inapita ardhini. Ndiyo maana ukitaka kumficha jambo unavaa kandambili nene.

— Wewe na sauti yako hiyo, alisema Mama Kahawa, hata mawe yamekwisha kukusikia.

— Askari wa barabarani je? alidakia Hakimu. Miaka yote anaongea na magari kwa mikono.

— Na ni gari gani lililowahi kumjibu? aliuliza Mama Kahawa.

Hakimu akataka kufunga mjadala kwa methali, kama kawaida yake. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alikuwa amekwisha kuitoa alipoisikia mwenyewe. Ndani ya saluni mashine ilizimwa. Mama Kahawa akakifunika kikombe cha Hakimu kwa kiganja, kumaanisha hakuna cha pili leo. Hakimu akasema kwa sauti ndogo kwamba mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo na tuijaze mikono yetu. Nadhani ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Sikuwahi kabla ya hapo kuona methali ikipotea njia na bado ikafika nyumbani.

Tangu siku hiyo tukacheza kwa dhati. Na hapo, kwa wazo la mtu ambaye sitamjua, tukagawana. Hoja yenyewe ilionekana safi: roho ni tatu tu, kwa nini mtu apoteze roho kwenye mada asiyoiweza? Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama Kahawa akachukua vyakula na vinywaji. Spika akachukua wanyama na vyombo vya usafiri. Mimi nikachukua rangi na nyakati. Makasi tukamwachia familia na vitu vya nyumbani, afanye jioni akishafunga. Hisia hakuna aliyezitaka, zikamwangukia Hakimu, naye alizipokea kama mgeni anayepewa kitanda cha mlangoni.

Tulijifunza kweli, siwezi kusema vinginevyo. Mama Kahawa alikuwa akimimina kahawa huku mkono wa pili ukisema maziwa, chumvi, yai. Spika alifanya tembo mbele ya wateja wake. Hakimu nilimkuta asubuhi moja peke yake kwenye benchi, uso umekunjamana, akifanyia mazoezi neno furaha. Kila mmoja alijua sehemu yake na hakugusa ya mwenzake, kama mashamba yenye mipaka. Simu ilipotangaza kwamba tumemaliza mchezo wote, Makasi alitununulia kahawa mzunguko mzima. Mtu angedhani benchi limeiva kwa elimu.

Mtoto aliletwa na matroni saa za asubuhi, begi mgongoni, nywele zimesukwa kwa mistari iliyonyooka. Makasi alisimama mlangoni, akafuta mikono kwenye koti lake la kazi, akaanza. Karibu. Binti. Baba. Nyumba. Mlango. Mtoto alikodoa macho. Hakuwahi kuona mikono ya baba yake ikisema chochote zaidi ya njoo na kaa. Akajibu kwa furaha, haraka, maneno mengi. Makasi akamjibu kwa kitanda.

Jioni hiyo, kama alivyotusimulia kesho yake, mtoto aliomba kitu, akarudia, akashika tumbo. Makasi alielewa njaa, lakini njaa ya nini? Vyakula alikuwa navyo Mama Kahawa, na Mama Kahawa alikuwa kwake amelala. Akamwonyesha sufuria na kabati, mtoto achague. Wakala mkate mkavu.

Ikawa lazima mtoto aje kijiweni. Makasi alimleta kila asubuhi na kumkalisha katikati yetu, na mtoto hakuchukua muda kugundua jinsi tulivyo. Alipotaka chai alimgeukia Mama Kahawa. Alipotaka kueleza paka aliyemwona alikwenda kwa Spika. Kwangu alileta gauni la kijani na habari za jana. Akawa anapita mbele ya benchi kama mtu aliyeingia sokoni, anajua nyanya ziko wapi na vitunguu viko wapi. Siku ya pili alicheka. Alitupanga mstari, akasema sentensi moja ndefu, na kila mtu akadaka neno lake na kulitamka kwa sauti kwa ajili ya wengine. Mbwa, akasema Spika. Mweusi, nikasema mimi. Maziwa, akasema Mama Kahawa. Hofu, akasema Hakimu, ameinua kidole kama anapeperusha kibendera. Baba, akasema Makasi kutoka ndani. Tuliunganisha, tukapata hadithi ya mbwa mweusi aliyekunywa maziwa, akamwona baba, akakimbia kwa hofu. Makasi alicheka mpaka mteja akashika sikio lake kwa tahadhari.

Zilikuwa siku nzuri. Mimi niliamini kazi imekwisha, na nadhani wote tuliamini. Hakuna aliyefikiri kwamba jua likizama sisi hurudi makwetu, kila mtu na kipande chake cha lugha, na wale wawili hubaki na samani.

Siku ya simu ya matroni tulimkuta mtoto ameshafika. Hakukaa. Alisimama mbele yetu kama mwalimu mbele ya darasa, akasema jambo, polepole, mara mbili. Uso wake haukuwa wa mchezo.

— Usiku, nilisema mimi.

— Baba, alisema Makasi kutoka mlangoni. Alikuwa na mteja kitini, upande mmoja wa kichwa umekwisha, wa pili bado.

— Hasira, alisema Hakimu. Hiyo ni hasira. Nina hakika nayo, ilinigharimu roho mbili.

Baba, usiku, hasira. Na mwishoni kulikuwa na alama nyingine, fupi, ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Tukatazamana. Kwa kuwa kimya ni kitu tusichokiweza, tukaanza kuijaza nafasi. Spika alisema mtoto anaonya kwamba usiku kuna wezi, amewasikia kwa nyayo, anataka baba awe mkali. Hakimu alisema jambo liko wazi, baba anakoroma na mtoto amekasirika. Mama Kahawa akamuuliza ni kiziwi gani anayekasirishwa na mkoromo. Spika akasema, kupitia kitanda, mtetemo. Hakimu akasema kwa vyovyote sikio halipiti kichwa. Hatukumuuliza maana yake.

Makasi alikuwa ameizima mashine.

— Mimi nina hasira usiku? alisema, bila kumwelekea mtu.

Mtoto alitutazama mmoja baada ya mwingine, akingoja. Kisha akarudia ile alama ya mwisho peke yake, taratibu, nyusi zimekunjwa, kama mtu anayemsaidia mjinga. Hakuna aliyeidaka. Akaketi chini mlangoni pa saluni, amelipa benchi mgongo.

Simu ya matroni ilipoingia, Makasi aliiegemeza kwenye boksi la vikombe ili mtoto aonekane vizuri. Yule mteja naye alitoka nje na shuka lake shingoni, nusu amenyolewa, akasimama nasi kwa heshima. Mtoto na matroni walizungumza. Mikono ilikwenda mbio kama ya watu wanaokunja nguo mvua ikija. Sisi tuliokota moja moja: kiti, mchana, baba, baba. Halafu matroni akaishusha mikono yake, akasema nasi kwa sauti.

— Baba yake, mtoto ana swali. Anasema mchana unaongea na kila mtu hapo, na unacheka. Usiku mkifika nyumbani unamwonyesha kiti, unamwonyesha meza, unamwonyesha kitanda, kisha unageuza uso. Anauliza, baba ana hasira naye usiku, kwa nini?

Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya mwisho. Kwa nini. Kumbe gemu lina hatua nzima ya maswali: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Spika alikiri hapo hapo, kwa sauti iliyosikika pale tu tulipokuwa, kwamba aliipita kwa kubahatisha siku moja mvua ilipokuwa ikinyesha, ili hatua inayofuata ifunguke. Na hakuna kati yetu aliyewahi kuiulizia. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu hapo, wala simlaumu mtu. Ni benchi la watu wenye majibu. Sikumbuki siku ambayo mmoja wetu alihitaji maswali.

— Mwambie sina hasira, alisema Makasi. Mwambie, tafadhali.

— Mikono unayo, baba yake, alisema matroni. Mwambie wewe.

— Hasira siijui. Si yangu.

Alimgeukia Hakimu. Nilitarajia hukumu au methali, na Hakimu hakutoa hata moja. Alinyanyuka, akasimama ubavuni mwa Makasi, akaifanya ile alama chini chini, karibu na paja, kama mtu anayemwonyesha mwenzake sala aliyoisahau. Makasi akaiweka mashine kwenye benchi. Baba. Usiku, niliyomwonyesha mimi. Hasira. Akasita. Mama Kahawa akamwonyesha hapana, aliyoitumia mara nyingi kwa sukari. Hapana.

Mtoto alimtazama yeye tu, bila kumgeukia mtu mwingine. Akasogea, akashika kidole gumba cha baba yake, akakipeleka mahali pake. Makasi akaanza upya, gumba likiwa sawa. Baba, usiku, hasira, hapana.

Alitaka kuendelea, na ilionekana wazi kwamba hana la kuendeleza. Sisi wote tulikuwa tumenyoosha shingo, kila mtu na mzigo wake wa maneno, tayari kumwazima. Hakutuomba. Alijigusa kichwa. Kisha akafanya kabati, neno lake mwenyewe, alilolijua vizuri kuliko yote. Akalifungua lile kabati hewani, milango miwili, akaonyesha viganja. Tupu.

Mtoto akavitazama viganja vile. Nilimwona akielewa, na hata leo nikikumbuka namna uso wake ulivyolegea lazima nitazame pembeni kidogo. Akafanya alama ya kwa nini, polepole, akaishika kama mtu ashikavyo kikombe, akaiweka ndani ya mkono wa baba yake. Kisha akafunga milango ya kabati, yote miwili.

Yule mteja aliyenyolewa nusu alijifuta macho kwa ncha ya shuka, nywele zikamwingia machoni.

Matroni akauliza lile alilopiga simu kuuliza, kwa mikono na kwa sauti pamoja, ili asiwepo wa kudhani: ungependa kubaki, au nije kesho? Makasi hakumtazama mtoto. Alitazama ardhi, nadhani ili uso wake usije ukamwomba.

Jibu lilikuwa refu. Matroni alitutafsiria akitabasamu kwa upande mmoja. Atabaki mpaka mama arudi. Lakini gemu lifutwe, lianzwe kutoka hatua ya kwanza, na baba acheze peke yake hatua zote, jioni wakishafunga, mwanafunzi akiwa baba na mwalimu akiwa yeye. Na mchana akimuuliza baba jambo, benchi linyamaze mpaka baba ajibu, hata akichelewa.

Sharti hilo la mwisho lilitugusa mahali penye uchungu, lakini hakuna aliyelipinga. Hakimu tu ndiye aliyegugumia kuhusu nyota.

— Zote zile?

— Zilikuwa zako? Mama Kahawa alimuuliza, akammiminia kikombe.

Hakimu akanywa, akafikiri, akasema imeamuliwa. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa kumbukumbu yangu, kuamua jambo ambalo lilikuwa limekwisha kuamuliwa na mwingine, na alilifanya kwa heshima. Spika akaichukua simu, maana yeye ndiye anayejua mambo yanakofichwa, akapekua mpaka akafika mahali pa kufutia. Simu ikauliza kama tuna hakika, kwa sababu kila kitu kitapotea.

Spika akampa Makasi. Makasi akausoma ule ujumbe mpaka mwisho, akachuchumaa mbele ya binti yake, akamkabidhi simu. Mtoto ndiye aliyebonyeza.